Mkwaju Ulioegemea Nyumba ya Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, na majirani, na ugomvi wa majirani, palikuwa na mtaa mmoja ufukweni kabisa, mahali ambapo mchanga unaingia hadi kwenye sufuria ya wali. Nyie mnaosukumana huko nyuma, kaeni vizuri. Mimi sirudii.

Katika mtaa ule aliishi Bi Nguchiro na watoto wake wanne. Nguchiro mnamjua? Mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia nyumba ya fito na udongo, na kishamba cha muhogo ubavuni mwa nyumba. Muhogo ule ndio uliokuwa chakula chao, asubuhi na jioni. Wakichoka muhogo wa kuchemsha, wanakula muhogo wa kuchoma.

Nyuma ya nyumba ulisimama mkwaju mkubwa. Sasa sikilizeni desturi ya mtaa ule, maana asiyeijua atabaki kuniuliza maswali. Pale, ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mti ni wa aliyeupanda, na baada yake ni wa wajukuu zake, hata kama umeota mlangoni kwako. Matunda ni yao. Lakini mti ukiangukia nyumba ya mtu, mwenye mti ndiye anayeijenga upya. Hivyo ndivyo walivyokubaliana wazee wao.

Mkwaju huo ulipandwa na babu yake Bwana Ndovu. Kila msimu Bwana Ndovu alikuja na makapu, akaushika, akautikisa, pwaaa! Ukwaju ukamwagika kama mvua, naye akazoa wote. Watoto wa Bi Nguchiro wakiokota japo mmoja, anakohoa.

"Ehem! Ukwaju wa babu yangu huo."

Watoto wanaurudisha kapuni.

Basi mwaka mmoja bahari ikala ufukwe. Mchanga ukaondoka chini ya mizizi, na mkwaju ukaanza kuinama. Ukainama kidogo. Ukainama tena. Mwishowe ukaegemea nyumba, tawi likagusa makuti ya paa. Upepo ukipita kidogo tu, watoto wanausikia: krrr... krrr...

"Mama, mti unasema nini?" aliuliza Tunu, kitinda mimba.

"Unasema mlale."

"Mbona wewe hulali?"

Bi Nguchiro akamfunika kanga. Aliogopa, na aliogopa hasa. Upepo wa kusi ulikuwa unakaribia, na upepo wa kusi haubishi hodi.

Asubuhi akajifunga kanga, akaenda kwa Bwana Ndovu.

"Hodi!"

"Karibu, jirani. Sabalkheri."

"Akheri. Bwana Ndovu, ule mti wako umeegemea nyumba yangu."

Ndovu akaacha kutafuna. "Mti wangu?"

"Mkwaju."

"Mkwaju upi?"

"Si upo mmoja tu?"

"Aa, ule! Ule umeota kwenye ardhi ya nani?"

"Yangu."

"Basi jirani, umejijibu mwenyewe."

"Na ukwaju unaozoa kila mwaka?"

"Nakusaidia kusafisha uwanja," akasema Ndovu, akaendelea kutafuna.

Bi Nguchiro akatoka pale mbio hadi kwa Sheha Kasa. Sheha Kasa alikuwa mkubwa wa mtaa, na kazi yake ilikuwa kusikia mashauri. Alikuwa hodari sana wa kusikia. Hodari wa jambo lingine hakuwa.

"Sheha, Ndovu anaukana mti wake!"

"Nimesikia," akasema Sheha Kasa.

"Sasa itakuwaje?"

"Mti unakuwa na mwenyewe pale mwenyewe anaposema mbele yangu kuwa ni wake. Amesema?"

"Atasemaje, na mimi nakwambia amekana?"

"Nimesikia," akasema Sheha, akafumba macho.

Bi Nguchiro akalia njiani, kidogo, kisha akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Sasa, fundi wa kuangusha miti katika mtaa ule alikuwa mmoja tu. Nani? Wewe uliyesema twiga, twiga ana nguvu gani? Alikuwa Bwana Ndovu huyo huyo. Bi Nguchiro akageuza njia, akarudi kwake.

"Haya. Kama mti ni wangu, basi wewe ni fundi. Utaniondolea kwa kiasi gani?"

Uso wa Ndovu ukachangamka. "Hiyo sasa ni biashara. Nitakuja niutazame. Kutazama ni mkungu mmoja wa ndizi."

"Kutazama tu?"

"Nitautazama vizuri."

Akaja baada ya siku mbili. Akala kwanza mkungu wa ndizi, ambao ulikuwa wa pekee pale nyumbani, watoto wakimtazama mdomo. Kisha akausogelea mti, akapiga shina kwa mkonga. Gum!

"Mti mrefu huu," akasema. "Urefu una bei yake."

"Haya."

"Na mnene."

"Mti mrefu si lazima uwe mnene?"

"Mnazi ni mrefu. Umeuona mnene?" Ndovu akapiga tena. Gum! "Tena mkwaju. Ungekuwa mpapai, ningepiga chafya tu ukaanguka. Mkwaju mgumu. Ugumu nao unaongeza."

"Haya."

"Halafu umeegemea nyumba. Ungekuwa peke yake uwanjani, nasukuma, kishindo, kwisha kazi. Huu lazima ushushwe tawi moja moja, kwa kamba, polepole. Na mtu mkubwa akifanya kazi polepole anachoka zaidi."

"Pole."

"Asante. Mchanga je? Mchanga hauna msimamo. Nikivuta, nazama. Kuzama kuna bei yake. Uchochoro wako mwembamba, sipiti, itanibidi nije kwa njia ya ufukweni maji yakipwa. Sasa kule kungoja maji yapwe..."

"Kuna bei yake," akamalizia Bi Nguchiro.

"Naona umeanza kuielewa kazi. Na upepo wa kusi ndio huo unakuja, kila mtu ananihitaji mimi. Ungekuja mapema, mti ulipokuwa wima, ungelipa kidogo."

"Ulipokuwa wima nikuite ufanye nini?"

"Ndiyo maana ingekuwa rahisi," akasema Ndovu.

Bi Nguchiro akaonyesha chini. "Na kisiki?"

"Ha! Kisiki!" Ndovu alicheka mpaka makuti yakatikisika. "Kisiki ni kazi nyingine kabisa. Kubeba magogo, kazi nyingine. Kufagia majani, kazi nyingine. Mimi nikisema nimeangusha mti, nimeangusha."

"Basi kwa kuangusha tu, nikupe nini?"

Ndovu akageuza kichwa taratibu, akatazama shamba la muhogo. "Lile."

"Tuta lipi?"

"Lote."

"Lote! Na wanangu wale nini?"

"Huko siingii. Mimi ni fundi wa miti." Akaanza kuondoka, halafu akasimama. "Fikiri, jirani. Ila usifikiri sana. Mti huo ukichoka kungoja utajiondoa wenyewe, na wenyewe hautozi kitu."

Lo! Bi Nguchiro alikasirika mpaka mkia ukamsimama. Akakaa kizingitini, akawatazama wanawe. Akilipa, watoto watalala njaa. Asipolipa, paa litawaangukia. Akawaza kushoto, akawaza kulia. Mti ukiwa mzigo, Ndovu anasema ni wangu. Ukiwa mali, anasema ni wa babu yake. Basi dawa ni kuugeuza mali, mbele ya macho yake, upesi.

Akasimama, akapangusa mchanga, akaenda mwisho wa mtaa kwa Mzee Ngamia.

Mzee Ngamia alikuwa mkamuaji wa mafuta ya ufuta. Mnakijua kinu cha mafuta? Ni shina kubwa la mti mgumu, limechongwa tundu katikati. Ndani unasimama mchi, mchi umefungwa kwa Ngamia, na Ngamia anazunguka. Anazunguka, anazunguka, ufuta unasagika, mafuta yanachuruzika, cho, cho, cho. Mzee Ngamia alikuwa amezunguka maisha yake yote, mpaka miguu imesahau kwenda moja kwa moja. Ukimsimamisha karibu na nguzo, anaizunguka. Akija msibani, anazunguka mti wa turubai. Siku ya harusi ya mwanawe alimzunguka bwana harusi, wageni wakadhani ni mila ya kwao.

Mtaa mzima ulilijua jambo hilo, isipokuwa Bwana Ndovu. Yeye hakuwa mtu wa kwenda harusini wala msibani kwa watu. Alitoka kwake kwenda kazini tu, na kuoga baharini kila alasiri.

"Shikamoo, Mzee Ngamia."

"Marahaba, mwanangu. Salama?"

"Salama tu. Leo alasiri njoo kwangu tunywe kahawa. Kashata zipo."

"Kwa heri gani?"

"Ujirani tu, mzee."

"Ujirani ni heri tosha," akasema Ngamia. "Nitakuja."

Alasiri Bi Nguchiro akatandika jamvi chini ya mkwaju, upande ule ambao haukuinamia. Ngamia akaja, akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, akasifu kashata. Kisha akainuka anyooshe miguu. Na miguu si ikauona mti? Ikaanza. Taratibu, taratibu, shingo mbele, Mzee Ngamia akauzunguka mkwaju. Bi Nguchiro akabaki jamvini anapuliza kahawa yake, fuu, fuu.

Ndipo akapita Bwana Ndovu, taulo begani, anakwenda kuoga. Akaona. Akasimama. Taulo likaanguka.

"Bi Nguchiro!" akanong'ona. Lakini ndovu hajui kunong'ona, kuku wa jirani wakaruka. "Ngamia anafanya nini pale?"

"Anazunguka."

"Naona anazunguka! Anazunguka kwa ajili ya nini?"

"Si umwulize mwenyewe?"

Ndovu hakumwuliza. Mtu mwenye tamaa hapendi kuuliza, anaogopa kumwamsha mwenzake. Akapiga hesabu zake mwenyewe. "Mkamuaji wa mafuta... na shina la mkwaju... Anaupima! Anataka kinu kipya!"

"Mimi sijasema hivyo."

"Huwezi kusema, unanificha! Mkwaju unafaa kinu?"

"Nasikia kinu kizuri ni cha mkwaju," akasema Bi Nguchiro. "Tena sehemu ya chini kabisa, pamoja na kisiki chake. Lakini mie nguchiro tu, ya vinu nitayajulia wapi?"

Mzee Ngamia akawa amefika upande wao. "Mti mzuri," akasema kwa adabu, maana alikuwa amekunywa kahawa ya watu. Akapita, akaendelea.

"Umemsikia!" Masikio ya Ndovu yakapigapiga, pwa, pwa. Tayari alikuwa anayaona madebe ya mafuta yamejipanga ukumbini kwake.

"Nimemsikia," akasema Bi Nguchiro. "Kwa kweli nakushukuru, Bwana Ndovu. Usingeniambia kuwa mti ni wangu, nisingejua. Kesho naenda kwa Sheha nikaseme mbele yake."

"Ukaseme nini?"

"Kuwa ni wangu. Si ulisema wewe?"

"Nilisema nini mimi? Nilisema lini?" Sasa hakunong'ona tena. "Mti huu ni wa babu yangu! Mtaa mzima unajua!"

"Lakini juzi..."

"Juzi nilikuwa na homa!"

"Pole. Basi twende kwa Sheha, mimi siwezi kubishana na mtu mkubwa."

Wakaenda, Ndovu mbele, majirani nyuma, maana kelele zilikuwa zimewatoa wote majumbani. Sheha Kasa akafumbua jicho moja.

"Sheha!" akasema Ndovu. "Ule mkwaju ni wangu! Ni wa babu yangu, tangu tawi la juu mpaka mzizi wa chini, na kisiki ni changu, na asije mtu akasema vingine!"

"Nimesikia," akasema Sheha.

Uso wa Bi Nguchiro ulikuwa mkavu. "Sheha, mimi namwachia," akasema. "Sina neno. Ila nyumba ni yangu na muhogo ni wangu. Anapochukua mali yake, asinivunjie fito wala asinikanyagie tuta."

"Nimesikia. Ndovu, umesikia?"

"Nimesikia!" akasema Ndovu, ambaye alikuwa na haraka ya kumwahi Ngamia. "Kesho maji yakipwa nauondoa."

Na kweli, kesho yake maji yalipopwa, Ndovu huyo, kamba shingoni, anakuja kwa njia ya ufukweni. Akazama mchangani mpaka magotini. Akajinasua. Akazama tena. Akapanda juu ya mawe, akafunga kamba, akashusha tawi la kwanza polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Bi Nguchiro alikaa mlangoni anamenya muhogo.

"Bwana Ndovu, taratibu. Makuti hayo."

"Naona!"

"Na mguu wa nyuma, uangalie tuta."

"Naona, jamani!"

Tawi la pili. Tawi la tatu. Jasho linamtiririka. Shina nalo akalivuta upande wa baharini, hiii! hiii! mpaka likalala, na nyumba haikupata hata mkwaruzo. Watoto wakashangilia. Ndovu akadhani wanamshangilia yeye, akainamisha kichwa kuwashukuru.

Kisha kisiki. Alichimba mpaka adhuhuri ikapita. Kilipong'oka, kruuuch! palibaki shimo ambalo angeweza kulala yeye mwenyewe.

"Shimo hilo, watoto wangu watatumbukia," akasema Bi Nguchiro.

Ndovu akalifukia.

"Na majani?"

Ndovu akayazoa majani. Pumzi alikuwa anaiwekea akiba. Akafunga shina na kisiki chake kwa kamba, akaanza kuburura kuelekea kwa Mzee Ngamia. Bi Nguchiro akawabeba wadogo, akawashika mkono wakubwa, akafuata. Majirani nao wakafuata, maana mambo mengine kuhadithiwa hakutoshi.

Mzee Ngamia alikuwa kazini, anazunguka kinu chake. Cho, cho, cho.

"Mzee Ngamia!" akahema Ndovu. "Nimekuletea shina!"

"Shina gani?" akauliza Ngamia, akapita. Ndovu ikabidi angoje azunguke arudi.

"La kinu!"

"Kinu ninacho." Akapita. Wote wakangoja. Akarudi. "Ndicho hiki."

"Lakini jana si ulikuwa unaupima mti! Uliuzunguka kwa macho yangu!"

"Nilikunywa kahawa," akasema Ngamia. Akapita, akarudi. "Nikanyoosha miguu."

"Ukasema mti mzuri!"

"Ulikuwa mzuri," akasema Ngamia, na kwa mara ya kwanza siku ile akasimama. Akalitazama gogo, akamtazama Ndovu. "Nani kaukata?"

Majirani hawakuweza tena. Walicheka wakashikana mabega. Ndovu akamgeukia Bi Nguchiro, mkonga juu. "Umenidanganya wewe!"

"Nimekudanganya nini, jirani? Ulipouliza anafanya nini, nilikwambia anazunguka. Nikakwambia umwulize mwenyewe."

"Ungekuja kwenye harusi ya mwanangu ungenijua," akasema Mzee Ngamia bila hasira. "Nilikutumia mwaliko. Sasa gogo lako naomba uliondoe, umeniziba njia ya kuzungukia."

Ndovu akakimbilia kwa Sheha Kasa, akaeleza yote tangu mwanzo, akitaja urefu, unene, mchanga, na shimo. Sheha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kuwa mti ni wake, nyumba ya watu imesalimika, na kwamba amefanya uungwana. Ndovu akaliburura gogo mpaka kwake. Likaziba mlango. Mpaka sasa anatafuta fundi wa kuliondoa, na kila anayekuja kulitazama anasema ni zito.

Upepo wa kusi ukaja siku ya tatu baada ya mti kuondoka, alfajiri. Vuuuu! Ukang'oa minazi, ukachukua paa la banda la Sheha, ukatupa mitumbwi hadi sokoni. Bi Nguchiro akakaa kitandani amewakumbatia wanawe, akisikiliza juu ya paa. Makuti mawili matatu yakapeperuka. Hapakuanguka kitu. Tunu hata hakuamka, alikuwa anakoroma na kipande cha muhogo mkononi, na mama yake akalia kwa furaha mpaka kanga ikalowa, kisha naye akalala, kwa mara ya kwanza tangu mti uanze kuinama.

Basi wanangu, shikeni hili moja: anayekula matunda ya mti, na mti ukianguka ni wake.